Sauti Iliyoitangulia Sindano

Ikhlas bado yuko pale pale tulipomwacha Jumapili iliyopita, wasomaji wangu: kwenye benchi la kliniki kule Likoni, na simu ya mwanamke asiyemjua inasema kwa sauti yake yeye Ikhlas.

"Wasichana wenzangu, nisikizeni! Huyo dada ni wa Jomvu Kuu, namjua kama ninavyojijua. Alidungwa hiyo sindano shuleni. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu akaachwa. Kizazi kimetiwa kufuli! Msikubali!"

Halafu kicheko kidogo, cha msichana anayejizuia.

Ikhlas alikijua kicheko kile. Kilitoka kifuani mwake mwaka juzi, wakati wa chai ya saa nne, shuleni.

Mwanamke alizima simu akamshika bintiye mkono. Mtoto alikuwa na sare ya shule na umri wa miaka kumi na mmoja hivi.

"Inuka, twende zetu."

"Lakini mama, si sisi tunaofuata?"

"Hujasikia? Wataka kufungwa kizazi?"

Ikhlas akasimama mbele yao. Hakujua aliinukaje.

"Shikamoo mama. Tafadhali usiondoke. Hayo uliyosikia ni uongo."

"Marahaba. Wajuaje wewe?"

"Kwa sababu sauti hiyo ni yangu."

Benchi zima likageuka. Walikuwa kina mama watatu na mabinti zao, wote wamekuja kwa chanjo ile moja, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

"Yako?"

"Yangu, mama. Nilikuwa kidato cha nne. Wauguzi walikuja kuchanja wadogo zetu wa kidato cha kwanza, nao wakaniuliza mimi, dada mkuu wao, wakubali au wakatae. Nikawatungia hadithi, tuchekeshane. Hakuna dada wa Jomvu Kuu. Hakuna aliyeachwa. Wallahi nilimtunga mimi."

Mwanamke yule, Kache kwa jina, alimtazama kuanzia kwenye buibui hadi kwenye viatu. Kisha akasema taratibu:

"Mwaka juzi ulisema hivi. Leo wasema vile. Mwaka ujao utasema lipi?"

Akaondoka na mwanawe. Nyuma yake wakainuka wale wawili. Aliyebaki kwenye benchi ni Ikhlas peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akachungulia.

"Anayefuata?"

Akalitazama benchi.

"Walikuwa watatu hapa. Wameenda wapi?"

"Wameondoka, sista. Wamesikia sauti yangu."

Sista Pascalia aliivua miwani. Alikuwa amekuja pwani kutoka Kakamega akiwa msichana, na kwa miaka miwili alikuwa akiitafuta sauti ile.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimezunguka shule kumi na moja na hiki kikasha cha chanjo. Kila nikifika, wewe ushafika. Wasichana wananitolea macho kama nimewaletea sumu. Mmoja aliniuliza nimetumwa na nani kuwamaliza watu wa pwani."

"Nisamehe, sista."

"Usiniombe mimi msamaha. Binti zangu niliwachanja." Akavaa miwani tena. "Kwenu kuna msichana?"

"Yupo Nana, wa dada yangu. Ana miaka kumi na minne. Jumamosi anatimiza kumi na mitano."

"Hii ya bure hapa kwangu ni ya miaka kumi mpaka kumi na minne. Leo Jumatano. Mlete kabla ya Jumamosi, dozi ni moja tu." Akamkabidhi karatasi. "Na hapa chini, mzazi atie saini. Bila saini simgusi."

Dada mwenyewe, kwa msomaji anayejiunga nasi leo, ni Nadira. Ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, naye alikuwa amelala hatua sitini tu kutoka kliniki ile, katika wodi ya kina mama. Alikuwa na ugonjwa ule ule. Jumatatu daktari alikuwa amemwambia ukweli bila kuuzungusha: umeshaenea, kupasua hakufai, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Ikhlas aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza kila kitu. Alidhani dada atamlaani. Nadira alitabasamu, midomo imekauka.

"Mimi pia niliituma," akasema. "Sauti yako ile. Kwa mashoga zangu wote wa chama. Tulicheka siku ile, Ikhlas! Tulicheka mpaka tukashika mbavu."

"Dada..."

"Nisikiza. Mimi yangu yashapita. Nana achanjwe."

"Nitamleta, wallahi."

"Usiape. Mlete tu."

Nje ya lango la hospitali Ikhlas alisimama kando ya wauza mihogo, akatoa simu, akarekodi sauti, akasema yote. Jina lake. Shule yake. Kwamba alidanganya. Kwamba dada yake anakufa kwa ugonjwa ambao wadogo zao wanaweza kukingwa nao. Alilia katikati, hakuikata. Akaituma kwenye kundi lile lile alikoitupa ile ya kwanza, lenye wasichana na wavulana mia mbili na zaidi waliosoma naye.

Akangoja.

Fancy ndiye aliyejibu mwanzo. Fancy, rafiki yake wa chanda na pete, aliyeketi naye dawati moja miaka minne.

"Manze, nani amekushikisha hii maneno ya kusema?"

Akafuata Clifford wa Changamwe: "Hiyo si Ikhlas. Siku hizi sauti ya mtu inatengenezwa na kompyuta. Sikieni vile inalia, hakuna mtu hulia hivyo."

"Kweli," akaandika mwingine. "Ile ya zamani ndio original. Hii ni feki."

Ikhlas akaandika: "Ni mimi. Fancy, nipigie simu uhakikishe."

Fancy hakupiga.

Msichana aitwaye Velma, aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula, akaandika: "Hata kama ni yeye. Mimi sina boyfriend, nichanjwe ya nini? Hiyo ni ya wale wameanza kutembea."

"Mimi nikichanjwa mamangu atauliza najikinga na nini," akadakia mwingine.

Na chini kabisa, kutoka nambari isiyo na jina, likaja lile lililomfanya Ikhlas aketi chini palipo na maganda ya mihogo:

"Yeye ndiye mgonjwa. Anasingizia dadake."

Saa moja haikupita, neno hilo lilikuwa limevuka makundi matatu. Uongo wake ulichukua siku mbili kufika Kisauni, mwaka juzi. Huu mpya ulifika kabla ya adhuhuri. Ukweli ulibaki pale pale ulipotumwa, umesikilizwa na watu tisa.

Basi, ikabaki Nana.

Alhamisi alasiri, nyumbani Mtongwe, Nana alikuwa uani akianua nguo. Msichana mrefu, mkimya, mwenye macho ya mamake. Tangu utotoni alimfuata Ikhlas kama kivuli. Alivyofunga mtandio yeye, ndivyo alivyofunga Nana.

"Kesho tutakwenda hospitali, mwanangu. Mama ataka uchanjwe."

"Sitaki, mamdogo."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiwe uliyesema." Nana alisema bila ubishi, kama mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu. Kisha, huku akikunja shati la babake, akaanza kuikariri ile sauti: "Mwaka wa kwanza wa ndoa, kimya. Wa pili, kimya..."

"Nana, basi!"

"Wa tatu akaachwa."

"Nilidanganya. Nakwambia nilidanganya!"

"Na Linda wa darasani kwetu? Alichanjwa akazimia papo hapo. Nilimwona kwa macho yangu."

"Linda alikuwa ametoka kwao bila chai. Alipewa soda akarudi darasani, si kweli?"

Nana alilikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mamdogo, wasichana shuleni wasema ugonjwa wa mama ni wa wanawake wabaya. Wa kutembea na wanaume." Akaliweka shati chini. "Mama alifanya nini?"

"Hakufanya kitu! Mamako aliolewa akiwa mwari, hajui mwanamume mwingine chini ya jua ila babako."

"Basi aliutoa wapi?"

Hapa, msomaji, Ikhlas angeweza kusema "Mungu ndiye ajuaye" akanyamaza. Lakini alikuwa ameapa moyoni kuwa hatasema tena neno lisilo kweli.

"Kuna kirusi," akasema. "Kidogo mno, hakionekani. Karibu kila mtu mzima hukutana nacho. Mwanamume anaweza kukaa nacho miaka asijue wala kuumwa, akampa mkewe wa halali. Wengi huwapita tu. Wachache huwageukia kuwa saratani. Si adhabu ya mtu, Nana. Si uchafu wa mtu."

Nana aliinua uso.

"Basi ni baba?"

Ndoo ilianguka nyuma yao.

Mohdhar, babake Nana, alikuwa amesimama mlangoni, ametoka zamu yake ya winchi bandarini, vumbi bado liko kwenye nyusi. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani. Muda wa kutosha.

"Wamfunza nini mwanangu?"

"Shemeji, sikusema..."

"Nimesikia ulichosema." Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Miaka kumi na sita nimekaa na Nadira. Nimembeba mgongoni kumpandisha ngazi za hospitali. Leo wamwambia binti yangu mimi ndimi niliyemuua mamake?"

"Hakuna aliyeua wala aliyeuliwa na mtu. Nilitaka tu ajue..."

"Hachanjwi."

"Ni mama yake aliyetaka!"

"Hachanjwi! Akichanjwa, mtaa mzima watauliza kwa nini. Nao watajibiwa kama ulivyomjibu huyu." Akaichukua ile ndoo, akaiweka wima, akaingia ndani. Ikhlas alisikia mlango wa chumba ukifungwa, na nyuma ya mlango, sauti ya mwanamume mzima akilia huku ameuma kitambaa.

Usiku ule hakuna aliyekula.

Ijumaa asubuhi Ikhlas alikuwa jikoni akipasha uji wa wadogo zake Nana aliposikia hatua. Nana alisimama mbele yake amevaa sare, mkoba begani, macho mekundu.

"Mtu akichanjwa, hatakufa kama mama?"

"Inakinga sehemu kubwa sana. Na ukikua utapimwa. Kwa ugonjwa huu, inshallah hutakufa kama mama."

Nana akavuta pumzi.

"Basi twende kabla baba hajarudi kutoka bandarini."

Moyo wa Ikhlas uliruka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliona nuru. Alimwosha uso yule mdogo wa miaka minne, akawaacha wawili kwa jirani, wakapanda tuktuk hadi hospitali. Nana alikaa kwenye benchi la kliniki. Ikhlas akakimbia wodini na karatasi yake. Saini moja tu! Dada mwenyewe ndiye aliyeitaka.

Nadira alikuwa amebadilika. Uso ulikuwa umeingia ndani, pumzi zinakuja kwa mafungu. Lakini akili ilikuwa kamili.

"Dada, Nana amekubali! Yuko hapo kliniki. Tia saini hapa, nitakushika mkono."

Nadira aliitazama kalamu.

"Hapana."

"Nini?"

"Usimchanje."

Ikhlas alidhani ni dawa za maumivu zinazosema. Akainama karibu.

"Dada, ni mimi. Ni ile chanjo uliyo..."

"Najua ni nini. Mohdhar alikuja jana usiku." Akapumzika. Akaendelea. "Alilia hapa, kichwa mkononi mwangu. Kisha akanambia kuwa Nana akichanjwa, siku ya hitima yangu awachukua watoto wote watatu, awapeleka kwa mamake Vanga. Wewe hutawaona tena. Yule bibi ni kipofu, Ikhlas. Mwanangu mdogo ana miaka minne. Nani atamwosha?"

"Ni hasira tu, dada. Mohdhar si mtu mbaya."

"Si mtu mbaya. Ndiyo maana atafanya. Ameona aibu." Vidole vyake vikatambaa juu ya shuka vikatafuta mkono wa mdogo wake. "Nataka wakae nawe. Wewe ndiye wa kuwalea. Chanjo... labda baadaye. Labda Mungu atamnusuru. Nambie hutamchanja."

Ikhlas aliitazama karatasi.

"Nambie."

"Sawa, dada," akasema.

Nadira akafumba macho, amechoka kama aliyepanda mlima. Ikhlas alimpangusa midomo kwa pamba iliyoloa, akatoka.

Kwenye ujia, kati ya wodi na kliniki, kulikuwa na dirisha lenye kizingiti kipana. Alisimama pale karibu robo saa. Mkono wa kushoto, wodi. Mkono wa kulia aliweza kumwona Nana kwenye benchi, peke yake, amekwisha kuipandisha mikono ya sare hadi begani, anangoja.

Alifikiri juu ya watoto Vanga. Alifikiri juu ya Nana mwenye miaka thelathini na minne, midomo imekauka.

Akaiweka karatasi kizingitini akaandika jina la dada yake. Alilijua vizuri lile jina; tangu utotoni alizoea kumwiga mwandiko. Lilitoka sawasawa, na mkia wake wa mwisho, bila kutetemeka.

"Mama amekubali?" Nana aliuliza alipomwona.

"Ingia, mwanangu. Sista anatungoja."

Sista Pascalia aliipokea karatasi, akaisoma, akaishusha miwani.

"Saini ya mama mzazi?"

"Ya mama mzazi."

"Umetoka kwake sasa hivi?"

"Sasa hivi, sista."

Muuguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu wiki hiyo. Alimsugua Nana bega kwa pamba, akavuta dawa ndani ya sindano, akaiinua kwenye mwanga.

"Tazama ukutani, mrembo. Hesabu mpaka tatu."

"Moja," akasema Nana. "Mbili..."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

Alikuwa Mohdhar, kofia mkononi, mavazi ya kazini. Ikhlas alijikinga mbele ya mtoto kwa mikono miwili, tayari kwa ugomvi. Lakini Mohdhar hakuja kugombana. Hakuitazama sindano. Alimtazama binti yake.

"Wamenipigia simu kazini kuwa hali imebadilika," akasema. "Nimemkuta bado ana pumzi. Nimemshika mkono. Mwanangu... mamako ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nana aliruka kutoka kwenye kiti. Mkono wake uligonga wa muuguzi. Sindano ikamkwaruza ngozi, ikaanguka, ikabingirika chini ya kabati, na dawa ikachora mstari mwembamba juu ya saruji. Hakuna aliyeiokota.

"Yu wapi? Nataka kumwona! Mama!"

Mohdhar akamkumbatia. Mtoto alipigana naye kwanza, kisha akalegea. Na alipolegea, juu ya bega la babake, akamwona Ikhlas.

"Mamdogo, wewe umetoka kwake sasa hivi," akasema katika kilio. "Ndiwe wa mwisho kuzungumza naye. Alisema nini juu yangu? Alifurahi kuwa nimekubali?"

Macho ya Ikhlas yalikwenda kwenye karatasi.

Mohdhar, naye, alikuwa ameiona karatasi mezani. Alisogea hatua moja, bado amemshika binti yake, akalisoma jina la mkewe chini yake. Mke ambaye, tangu jana usiku, vidole vyake havikuweza kushika hata kijiko.

"Sista," akauliza kwa upole, "hii ameitia leo?"

"Leo, baba. Huyu dada ndiye aliyeileta."

Pascalia aliitazama karatasi. Akamtazama Ikhlas. Rangi ya uso wake ikaanza kubadilika.

"Niliingia kwa mlango wa pili ulipotoka, nikawa naye alipokata roho," akasema Mohdhar. "Alinambia ulichomwahidi." Akamgeuza Nana taratibu, uso kwa uso na mama yake mdogo. "Mtoto amekuuliza, Ikhlas. Mwambie. Mwambie mamake alisema nini."